Herufi L kwenye karatasi yangu ya damu

Leo naandika kuhusu damu na kompyuta, maana kuna jambo limenikera.

Mwaka jana nilipimwa damu katika maabara moja mjini Meru. Karatasi ikatoka na herufi L mbele ya neutrofili, zile seli nyeupe zinazotangulia kupigana na bakteria. L maana yake ziko chini. Lakini mimi nilikuwa mzima kabisa! Daktari akatabasamu: "Usijali, mashine hii inawaandikia hivyo watu wengi hapa."

Kwetu waandishi wa programu, onyo linalowalilia watu wazima ni hitilafu. Mtu fulani aliweka kikomo kilichopimwa kwa watu wengine.

Kumbe sababu inajulikana. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana badiliko katika jeni ya Duffy, linalowakinga na malaria ya aina ya vivax. Badiliko hilo hilo hupunguza neutrofili katika damu bila kumfanya mtu mgonjwa. Uhusiano huo ulionyeshwa mwaka 2009 kwa Wamarekani weusi. Mwaka 2008 watafiti waliopima watu wa Kericho nao walichapisha viwango vya damu vilivyotofautiana na vya Marekani.

Sasa hii inahusu nini influenza? Wengi hupona nyumbani. Kazi iko kwa wanaolazwa: nani atahitaji oksijeni kesho? Watafiti wanatafuta jibu katika damu. Wanaangalia CRP, protini inayotolewa na ini mwili unapowaka, na pia uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti. Ugonjwa ukizidi, neutrofili hupanda na limfosaiti hushuka. Uwiano huu ni rahisi, kwani namba zote mbili ziko tayari kwenye kipimo cha kawaida cha damu. Unagawanya tu.

Hapo ndipo pana mtego. Tuseme kikomo cha hatari kilichotoka ng'ambo ni 5. Mgonjwa wa huko ana neutrofili 6 na limfosaiti 1, anapata 6, anaangaliwa haraka. Wa kwetu, aliyeanzia chini, amefika 4 kwa 1. Programu inamwambia nesi: huyu yuko salama. Namba hizi ni za mfano tu, lakini usiku wodini kosa kama hilo linaweza kuua.

Tena si jeni peke yake. Mbeere, upande wa chini wa Embu, kuna malaria kuliko miteremko ya Mlima Kenya, na malaria hushusha limfosaiti. VVU pia. Huko uwiano utapanda hata influenza ikiwa nyepesi.

Maoni yangu ni haya: tusikopi kikomo cha mtu. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zianze na jedwali dogo. Kwa kila mgonjwa aliyelazwa na kuthibitishwa kwa PCR kuwa ana influenza, waandike uwiano wa siku ya kwanza, magonjwa mengine aliyo nayo, na mwisho wake: alirudi nyumbani, aliwekewa oksijeni, au alifariki. Majina yasiwemo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Baada ya misimu kadhaa, kikomo kitafutwe kwa data ya Meru, kisha kijaribiwe Embu. Kikianguka Embu, hakijaiva.

Kwa sasa tuhesabu pumzi. Kipimo cha CURB-65 cha mwaka 2003, kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa nimonia, kina mambo matano: kuchanganyikiwa, yurea katika damu, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, presha ya chini, na umri wa miaka 65 kwenda juu. Ni yurea tu inayohitaji maabara. Na mgonjwa anayehema asirudishwe nyumbani kwa sababu kompyuta imesema namba yake ni nzuri.

Wewe unayefanya kazi maabara huko Meru au Embu, mashine yenu inaandika L mara ngapi kwa siku? Niambie hapa chini.