Maksai wa Fungurume

Apitaye Fungurume katika njia iendayo Kolwezi huona malori yaliyobeba shaba na kobalti. Wachache wajua ya kuwa mwaka 1915 zilipita hapo mashua mbili za vita.

Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani utawala wa Ziwa Tanganyika. Mashua zililetwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa gari la moshi hadi Fungurume, ambako reli iliishia. Mbele palikuwa na pori na milima ya Mitumba. Trekta mbili za mvuke zilizivuta. Zilipolemewa na mlima, maksai walifungwa kamba, wakavuta hata zikapanda. Maji ya trekta yalipopungua, wanawake wa vijijini waliyaleta vichwani. Mwisho wa Septemba zilifika Sankisia, zikapakiwa tena katika gari la moshi, kisha zikashuka mto Lualaba. Tarehe 26 Desemba ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani.

Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, majina ya kitoto ya Kifaransa kwa wanyama hao hao. Vitabu vimeyahifadhi. Lakini wanyama wa kweli, waliovuta kwa shingo zao, hatujasoma jina la hata mmoja. Wala la mama mmoja aliyebeba maji.

Enyi wanafunzi, mkifundishwa habari za vita, msiulize tu nani alishinda. Ulizeni pia: nani alivuta, na nani alibeba?