Kabla ya kuulaumu mkono wa mtoto, pimeni karatasi

Kila likizo inapokaribia, swali moja hurejea katika safu hii kutoka kwa wazazi wa Mbeya na Iringa: mtoto anapenda kuchora, ana penseli, ana wino, amepata na rangi za maji, sasa anaomba daftari litakalobeba vyote hivyo. Anunuliwe lipi? Kwa sura yake swali hili ni dogo. Tunalipa ukurasa leo kwa sababu tumeona watoto wakiacha kuchora kwa kosa lisilokuwa lao.

Hali yenyewe mnaijua. Mtoto anachora mlima Loleza kwa penseli, na mchoro unapendeza. Anachovya brashi ili aweke rangi ya mbingu. Karatasi inavimba, inajikunja, inaanza kutoa manyoya, kisha inatoboka. Rangi imepenya hadi ukurasa wa tatu. Mtu mzima anapita nyuma yake na kusema, "Wewe huna mkono wa kuchora." Mtoto wa miaka tisa hana njia ya kujua kwamba karatasi aliyopewa ilitengenezwa kwa ajili ya kalamu ya wino mkavu, na kwamba hata fundi mkubwa angeshindwa juu yake. Yeye huamini aliyoambiwa.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaoonekana kwa urahisi. Karatasi hupimwa kwa gramu katika kila mita ya mraba, na kipimo hicho huandikwa kwenye jalada kwa herufi tatu, gsm. Karatasi ya rimu tunayotolea nakala huwa aghalabu ya gramu 80, na ya daftari la shule huwa nyepesi kuliko hiyo. Madaftari ya kuchorea yaliyokusudiwa kubeba rangi za maji pamoja na penseli huanzia takriban gramu 160 na kupanda hadi 300. Kwa mtoto anayepaka rangi nyepesi juu ya mchoro wa penseli, gramu 200 hivi zinatosha. Anayependa kulowesha ukurasa mzima atahitaji karatasi ya gramu 300, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwa wachoraji wa rangi za maji. Daftari lisiloandikwa uzito popote, hata likiwa na jalada la kung'aa na picha ya tausi, tunashauri liachwe dukani.

Lakini uzito peke yake hudanganya. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizosukwa na kugandamana, na nyuzi hizo kwa asili yake hunywa maji. Kinachozuia wino usitambae ni dawa inayochanganywa au kupakwa wakati wa kutengeneza karatasi, kama vile wanga au gundi ya ngozi za wanyama. Karatasi nene isiyo na kinga hiyo hunywa rangi kama sifongo, na rangi hukauka ikiwa imefifia.

Na hapa tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo njiani. Ujuzi huu ulikuzwa sana mikononi mwa mafundi wa ulimwengu wa Kiislamu. Karatasi ilitoka China ikafika Samarkand, na kabla ya karne ya 8 kumalizika ilikuwa ikitengenezwa Baghdad. Mafundi waliipaka wanga, kisha wakaisugua kwa jiwe laini hadi iteleze chini ya kalamu ya mwanzi. Waandishi wa khati wa zama za baadaye walizidisha: walipaka ute wa yai uliochanganywa na shabu, wakaiacha karatasi ikomae, na mwandishi alipokosea herufi aliweza kuufuta wino kwa kitambaa chenye unyevu bila kuacha alama. Hata kwetu pwani, waandishi wa misahafu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliandika kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano juu ya karatasi iliyotoka ng'ambo. Kwa hiyo mzazi anayeichunguza karatasi kabla ya kuilipia anafanya jambo la kale sana katika nyumba zetu.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi. Mwombeni mwenye duka, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, awaonyeshe daftari lililokwisha kufunguliwa, au nunueni moja tu na mlijaribu nyumbani kabla ya kununulia watoto wote. Wekeni tone la maji kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho na mhesabu hadi sitini. Tone likibaki limesimama, kinga ipo. Likizama papo hapo na doa kujitokeza upande wa pili, hilo ni daftari la penseli tu. Kisha piteni kwa brashi yenye maji mara tano mahali pamoja. Karatasi ikianza kutoa vipande mfano wa makombo, haitamvumilia mtoto, maana watoto hurudia brashi palepale bila kuchoka.

Baada ya hapo, pitisheni ncha ya kidole juu ya ukurasa. Mkaa, chaki na penseli za rangi hutaka mkwaruzo kidogo ili zishike. Juu ya karatasi inayoteleza huanguka kama vumbi. Kalamu ya wino, kinyume chake, hutaka ulaini, la sivyo mstari hukatikakatika. Daftari linalodai kufaa kwa vyote limefanya suluhu kati ya matakwa hayo mawili, na katika suluhu kila upande hupoteza kidogo. Mtazameni mtoto wenu anatumia nini zaidi, kisha muegemee huko.

Hapa huulizwa juu ya kuchora viumbe wenye roho. Hilo lina wanazuoni wake, na tunawasihi wazazi wawarejee. Sisi tunasema tu kwamba nyanda zetu za juu hazimwachi mtoto bila kazi: nguzo za udongo za Isimila, ziwa Ngozi lililo ndani ya kreta, migomba ya Rungwe, misonobari ya Sao Hill, na nakshi za nyota zinazoanza kwa bikari na rula na kumalizikia kwa rangi. Hiyo nakshi ndiyo mtihani halisi wa daftari, kwani hukusanya penseli, ufutio, wino na maji katika ukurasa mmoja. Utaratibu ni huu: penseli kwanza, kisha wino usioyeyuka kwa maji, uachwe ukauke, ndipo rangi ya maji, na penseli za rangi mwisho kabisa, karatasi ikiwa kavu. Krayoni za nta hutangulia maji, kwa kuwa nta huyafukuza.

Kuna jambo linalotusikitisha. Miti ya kutengenezea karatasi imejaa Mufindi, na kiwanda cha Mgololo kilianza kutoa karatasi miaka ya 1980, lakini karatasi yake siku hizi ni ya kaki, ile imara ya mifuko na vifungashio. Hata hivyo kaki isidharauliwe. Rangi yake ya kahawia humfaa sana anayechora kwa mkaa na chaki nyeupe: kivuli ni mkaa, mwanga ni chaki, na katikati karatasi yenyewe inafanya kazi. Kwa rangi za maji haifai, maana rangi hizo hupata mwanga wake kutoka kwenye weupe wa karatasi. Manila nayo, ambayo walimu huitumia kwa zana za kufundishia, ni nzuri kwa makapeni na penseli za rangi, ila brashi ikizidi kidogo hubaki na mabaka.

Iringa mjini ipo pia Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza kwa karatasi ya kutengenezwa kwa mkono, ikiwemo ile itokanayo na kinyesi cha tembo, kwani tembo hula nyuzi nyingi na kuziacha nyingi bila kusagika. Msomaji wa ukurasa huu atauliza mara moja juu ya twahara. Swali ni halali, na lipelekwe kwa sheikh wa mtaa. Hadi mpate jibu, msiandikie aya juu yake. Karatasi ya mkono ina uzuri wake wa kuonekana nyuzi, lakini ipimeni kwa tone kama nyingine zote.

Tusisahau hali ya hewa. Mbeya hunyesha tangu Novemba hadi Aprili na kuendelea, na ukungu wa Mufindi huingia hadi kabatini. Daftari lililolala na unyevu hulegea na kuota madoa. Lihifadhiwe limelazwa, ndani ya mfuko, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Nyakati hizo ukurasa uliopakwa rangi waweza kuchukua saa nzima kukauka. Anayefunga daftari mapema huganda kurasa mbili pamoja. Wakati wa kipupwe, upepo wa Iringa hukausha rangi kabla mtoto hajaisambaza, naye yafaa aloweshe karatasi kwanza.

Kuhusu jalada, daftari la waya hulala wazi na kurasa zake hazishindani. Lililoshonwa kwa uzi hudumu zaidi. Lililogandishwa kwa gundi tupu hufumuka likionja maji.

Na kwa familia yenye watoto wanne na fedha ya daftari moja, shoneni wenyewe. Karatasi moja kubwa ya A1, ya gramu 200, hutoa vipande vinane vya A4. Kabla ya kukunja, pindeni kila kipande kidogo pande zote mbili bila kukivunja. Upande unaopinda kwa wepesi ndiko nyuzi zinakoelekea, na mkunjo ufuate huko. Pangeni vinne vinne, toboeni matundu matano kwenye mkunjo kwa sindano nene, mpitishe uzi uliopakwa nta ya nyuki, na jalada liwe boksi la sabuni. Mtapata kurasa 32. Ukurasa wa mwisho uachwe kwa matone ya maji na majaribio ya rangi, na kila mchoro uandikwe tarehe nyuma yake kwa penseli.