Anayekwenda Chennai ajue "vanakkam"

Parachichi za Rungwe, Njombe na Mufindi zimepata soko India, na Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuziuza huko pia. Wafanyabiashara wetu wanafuata mzigo Guangzhou, wagonjwa wanakwenda Chennai kutibiwa. Watu hawa hujiandaa kwa pasipoti, viza na dola, lakini salamu za wenyeji hawazikumbuki. Hilo ni kosa, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulipaswa kuwa wa kwanza kuliona. Anayeingia dukani Iringa na "kamwene" hapokelewi sawa na anayeanza na bei, na huyohuyo akifika Tukuyu hubadili, akasema "ugonile". Kwa India, wengi hudhani "namaste" ya Kihindi inatosha nchi nzima. Chennai ni mji wa Watamil, na salamu yao ni "vanakkam". Watamil walianza kupinga kulazimishwa Kihindi mwaka 1937, na mwaka 1965 upinzani huo ulizaa ghasia kubwa. Muuguzi wa Chennai hatakasirika kwa "namaste", ila "vanakkam" itamwambia kwamba mgeni huyu anajua amefika kwa nani. China nako, "ni hao" ni ya kila mtu, lakini mzee au mtu wa heshima huamkiwa "nin hao". Aliyekulia kwenye shikamoo hana haja ya kuelezwa sababu.

Wapo watakaosema simu inatafsiri kila kitu. Kwenye vipimo, dawa na mikataba itumike, tena mkalimani ni bora zaidi. Salamu lakini hutolewa watu wakitazamana usoni, kabla simu haijatoka mfukoni. Wengine wanaogopa kuchekwa kwa matamshi. Baadhi ya Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 walijifunza Kiswahili cha kazini, chenye makosa, na wakaelewana na vibarua wetu. Pingamizi zito ni hili: mbona baadhi ya Wachina na Wahindi wa leo wanakaa hapa miaka bila hata "habari za asubuhi"? Ni kweli, na anayeajiri watu wetu anadaiwa zaidi ya msafiri wa wiki mbili. Lakini deni lake halifuti letu. Tukiwa kwao, wageni ni sisi. Mbeya na Iringa zina vyuo vya kutosha kufungua darasa fupi la jioni kwa wanaosafiri: salamu, asante, samahani, na kuhesabu moja hadi kumi.