Simba wetu apasuliwe ao aachwe?

Wandugu wanafunzi,

Tangu majuma mawili habari ni moja tu, katika darasa na kwenye foleni ya chakula: Simba. Mbwa huyu anachunga masomo yetu tangu miaka tisa. Sasa anainama muda murefu akijikaza bila kitu kutoka, na pahali anapolala tunakuta matone ya damu. Munganga wa nyama alimupima akasema: tezi iliyo karibu na kibofu imevimba. Ni ugonjwa unaopata mbwa dume wengi wakizeeka bila kuhasiwa. Dawa yake kubwa ni kumuhasi.

Basi, kelele! Wamoja wanasema: "Mukimukata hatakuwa dume tena, wezi watamucheka." Wandugu, mwizi anaogopa meno na sauti, na vyote viwili vitabaki. Haya ni ya sisi vijana. Simba hana haya, ana maumivu.

Wengine wanasema: "Ni muzee, atakufa katika usingizi wa dawa." Neno hili si la kucheka. Mbwa muzee anaweza kuwa na moyo ao figo zaifu. Ndiyo maana tunaomba kwanza asikilizwe moyo, apimwe damu, na siku ile asipewe chakula asubui. Lakini kumuacha vile nako kuna hatari: tezi inaweza kuzidi kuvimba na kuingia vidudu. Akihasiwa, itaanza kupunguka katika majuma machache, na kansa ya mapumbu haitamupata. Tusidanganyane: kansa ya tezi yenyewe haizuiwi na kuhasi. Tena atanenepa kama tunamutupia mabaki ya bugali ovyo. Na sindano ya kichaa cha mbwa itabaki ya lazima.

Inabaki feza. Katika kasha la wanafunzi iko feza ya mupira mupya. Sisi wa mwaka wa sita tunasema wazi: mupira ungoje, ule wa zamani ushonwe tena. Usiku sisi tunalala, Simba anakesha juu yetu, na hatujamulipa hata siku moja.

Siku ya posho, kwenye mukutano, kila darasa litoe neno lake. La kwetu munalijua: apimwe, na moyo ukiwa muzuri, apasuliwe sasa angali na nguvu. Tusingoje mpaka ashindwe kusimama.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa sita