Kabla hujanyunyiza dawa, fuata sisimizi

Wacha nianze na aibu yangu, ndiyo tuelewane.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, nilirudi nyumbani Migori na kauli ambayo nawe umeisikia: kijana, ingia kilimo. Nyanya akanipa kipande cha shamba kando ya boma. Nikapanda kunde za mboga, kwa sababu kunde hazichukui muda na hapa kwetu hakuna siku mtu hataki mboga. Wiki ya nne, vilele vya kunde vilikuwa vyeusi tititi. Vidukari. Wamejipanga kwenye shina kama abiria wa matatu ya jioni.

Nikakimbia agroveti. Jamaa hakuniuliza hata nimepanda nini. Alinipa chupa, nikalipa, nikanyunyiza Jumanne. Kufikia Alhamisi shamba lilikuwa safi, nikapiga picha nikaweka statasi. Ijumaa asubuhi nilikuwa nafunga mafungu ya kupeleka soko. Nyanya akaja, akaangalia, akaniuliza swali moja tu: "Na hizi za leo, wewe utakula?"

Nikaenda kusoma kibandiko cha chupa. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zilikuwa bado kabisa. Mafungu yale sikuyapeleka. Lakini nilikuwa nimebakisha dakika chache tu kuwapeleka, na wewe unayekula kunde Rongo, Kisii au Nairobi hungejua lolote.

Adhabu yenyewe ilikuja baadaye. Baada ya wiki mbili hivi vidukari walirudi, tena wengi kuliko wale wa kwanza. Hapo ndipo nilichuchumaa kando ya kunde na kuanza kuangalia badala ya kukimbia dukani.

Kitu cha kwanza utakachoona ukichuchumaa ni sisimizi. Wanapanda na kushuka shina msururu mrefu, kama watu wana shifti. Wengi hudhani sisimizi ndio wanaokula mmea. Wapi! Kidukari ana mdomo kama sindano, anafyonza utomvu wa mmea. Utomvu una sukari nyingi kuliko anayohitaji, kwa hivyo ya ziada anaitoa nyuma kama tone tamu. Sisimizi anampapasa kidukari kwa papasi zake, tone linatoka, analinywa. Sisi watu wa Migori tuna kiwanda cha sukari kule Awendo. Sisimizi naye ana chake juu ya kunde.

Na mwenye kiwanda huweka walinzi. Kidukari ana maadui wengi: yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, watoto wake ambao hawafanani naye hata kidogo (wako kama mamba wadogo weusi), viluwiluwi vya nzi wanaopenda maua, na nyigu wadogo sana ambao hutaga yai ndani ya kidukari akiwa hai. Ukiona kidukari amevimba, amekauka na kuwa rangi ya kahawia, ujue nyigu amepita hapo. Bila mlinzi, hawa wote wangekula karamu. Lakini sisimizi wanawauma na kuwafukuza kama mabaunsa mlangoni mwa klabu.

Sasa fikiria nilichofanya Jumanne ile. Dawa niliyopewa inaua kila kitu chenye miguu sita. Iliua vidukari wengi, sawa. Iliua pia mdudu mwekundu, mamba wadogo na nyigu. Vidukari wachache waliobaki chini ya majani waliamka wakakuta mtaa hauna polisi. Na kidukari hahitaji mchumba. Jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na kukiwa na joto mtoto huyo anaanza kuzaa baada ya kama wiki moja. Adui zake hawana kasi hiyo. Kwa hivyo anayerudi kwanza ni nani? Hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana nasema hivi: tatizo la kijana anayeingia kilimo si uvivu, kama wazee wanavyopenda kutuambia. Tumefundishwa kununua kabla ya kutazama. Tunajua majina ya dawa tano lakini hatumjui mdudu mmoja anayetufanyia kazi bure. Niliwahi kuwaponda kwa vidole vile vimamba, nikidhani ni wadudu waharibifu. Nilikuwa nafuta kazi askari wangu.

Utaniambia, "Kaka, hiyo ni stori ya shamba la nyanya. Mimi nina ekari mbili za njugu Ndhiwa." Basi kwako mambo ni mazito zaidi. Kidukari huyo huyo wa kunde ndiye anayesambaza ugonjwa wa rozeti kwenye njugu karanga, ule wa mmea kudumaa na majani kujikunja na kuwa manjano. Ukishaingia kwenye mmea, hakuna dawa ya kuutibu. Wakulima wanaoshauriwa vizuri huambiwa wapande mapema mvua inapoanza, wapande kwa kubananisha, na watafute mbegu zinazostahimili. Hakuna hata moja kati ya hayo unayoweza kuyafanya baada ya kuona dalili. Ni lazima ujue mapema.

Na ujuzi hauko mbali. Kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kina kampasi Mbita, hapa hapa Homa Bay, ufuoni mwa ziwa. Ni huko ambako mbinu ya vuta-sukuma ilikuzwa miaka ya 1990: desmodium katikati ya mahindi kumfukuza nondo wa kiwavi kitoboa-shina, nyasi za napier pembeni kumvuta. Watu wa nchi nyingine wanakuja kujifunza. Sisi tunapita na matatu tukienda Rusinga kupiga picha.

Sisemi dawa zote ni sumu za shetani. Kuna siku utazihitaji. Ninachosema ni uanze na macho. Fuata msururu wa sisimizi. Utakupeleka moja kwa moja kwa vidukari kabla hawajawa kijiji. Kata vilele vilivyojaa sana, au waponde kwa vidole. Nyunyiza maji ya sabuni chini ya majani jioni, ila usiguse mmea ambao tayari una vimamba. Acha dania chache zitoe maua pembeni, nyigu na wale nzi hupenda maua yake. Na usiwamalize sisimizi, maana wao pia hula mayai na viwavi wa wadudu wengine. Halafu usikariri. Wale vidukari wa kijivu wenye unga unga kwenye sukuma, kwa kawaida sisimizi hawana habari nao. Kila shamba lina siasa yake.

Kwa serikali zetu mbili, Migori na Homa Bay, nina neno moja. Kilimo ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 inasema hivyo. Mnatuambia tuingie shambani, lakini mtu wa kwanza tunayekutana naye huko ni muuza dawa. Tuleteeni afisa wa kilimo anayeweza kuchuchumaa na sisi, kabla ya kutuletea semina nyingine hotelini.

Nawe uliye mjini usiye na hata sufuria ya dania dirishani, ukinunua mboga kesho, muulize mama mboga zimenyunyizwa lini. Huenda hajui. Atamuuliza aliyemletea, naye atamuuliza mkulima, na mkulima huyo huenda ni kijana kama mimi, anayefunga mafungu Ijumaa. Mimi niliulizwa na nyanya yangu. Si kila mtu ana nyanya karibu.