Kukosa Hedhi Si Dalili ya Kuiva

Kuna imani kwenye kambi za riadha ambayo makocha huwarithisha mabinti: mkimbiaji akikosa hedhi msimu wa mazoezi makali, mwili umeiva kwa mashindano, na msimu ukiisha hedhi itarudi yenyewe. Imani hii ni ya uongo, na inavunja mifupa ya watoto wetu.

Hedhi ya mkimbiaji husimama hasa kwa sababu chakula anachokula hakilingani na kazi anayoifanya. Ubongo ukiona nishati imepungua, hufifisha ishara zinazoiamuru ovari itoe estrojeni. Watafiti wameona ishara hizo zikivurugika ndani ya siku 5 tu za kula pungufu. Na estrojeni ndiyo inayozizuia seli zinazomeng'enya mfupa. Ikishuka, mfupa huliwa kwa kasi kuliko unavyojengwa, hata binti akimaliza kilomita zake zote.

Mwaka 1984, Barbara Drinkwater na wenzake nchini Marekani waliwalinganisha wanariadha 14 waliokosa hedhi na wengine 14 walioipata, wote wakiwa na mazoezi yanayokaribiana. Uzito wa mfupa katika uti wa mgongo ulikuwa gramu 1.12 kwa sentimita mraba kwa waliokosa, na 1.30 kwa wenzao. Baadhi yao hedhi iliporudi, mfupa uliongezeka, lakini haukuwafikia wale ambao hawakuikosa. Kwa hiyo "itarudi tu" haitoshi. Msichana hujenga sehemu kubwa ya mifupa yake kabla ya kutimiza miaka 20, na hiyo ndiyo miaka tunayomwingiza kambini.

Mazoezi yenyewe hayana kosa. Wanajimnastiki wa chuo kikuu huko Oregon walipopimwa, mifupa yao iliongezeka katika miezi 8 ya mazoezi na kupungua katika miezi 4 ya mapumziko. Kuruka na kutua huujenga mfupa. Sasa kocha anayesema mapumziko yatamtengeneza binti anategemea kipindi ambacho mfupa unakosa hata ule mshindo wa kuuimarisha.

Wapo wanaodai kuwa wepesi ndio kasi. Mwaka 2019 mkimbiaji Mary Cain wa Marekani alieleza hadharani jinsi alivyoshinikizwa apungue uzito, akakosa hedhi miaka 3 na kuvunjika mifupa 5. Kipaji chake kilikuwa cha kutikisa dunia. Wepesi ule ulimfikisha wapi?

Angalia jinsi ajali hii inavyoanza. Binti anamaliza mbio ndefu akichechemea. Akibonyeza muundi kwa kidole, mahali padogo pasipozidi sarafu panamuuma. Anachuliwa, anafungwa bandeji, anapelekwa eksirei. Picha haionyeshi kitu, maana ufa mchanga mara nyingi hauonekani humo. Basi anaitwa mvivu na kurudishwa uwanjani, hadi mfupa uachane.

Wala vidonge vya majira si tiba. Vinaweza kuleta damu kila mwezi huku njaa ikiendelea na mfupa ukizidi kudhoofu, na kila mtu akidhani mambo ni shwari.

Dawa ya kwanza ni sahani. Binti ale kabla ya mazoezi ya alfajiri na baada yake, ale ugali wa kushiba, maziwa, maharage na omena. Kila kambi iwe na mwanamke anayeaminiwa na mabinti, na tarehe za hedhi ziandikwe kama unavyoandikwa muda wa mbio. Ikikosekana miezi 3 mfululizo, kilomita zipunguzwe, chakula kiongezwe, na daktari amwone bila kungoja msimu uishe. Vyama vya riadha viyafanye haya kuwa sharti la kusajili kambi. Kocha anayeona aibu kulisimamia jambo hili asikabidhiwe binti wa mtu.