Nyumba na Amani Yake: Soketi Mpya, Waya wa Zamani



Ndugu msomaji, nyumba nyingi za kwetu Pwani zilitiwa umeme wakati ambapo haja zetu zilikuwa chache: taa, redio, pasi, na friji kwa aliyejaaliwa. Chumba kizima kilitosheka na soketi moja. Leo chumba kile kile kina simu nne, feni, televisheni na kompyuta ya mwanafunzi, na soketi ni ile ile moja. Basi hununuliwa ekstensheni, ikajaa. Ikachomekwa ya pili juu yake, nayo ikajaa. Tumezoea kuliona jambo hili kuwa dogo, nalo si dogo.

Ramadhani iliyopita, nyumbani kwetu, tulikuwa tukitayarisha daku tuliponusa plastiki inayoungua. Tulikagua jikoni tusione kitu. Mwisho tukafunua zulia la sebuleni, ambapo ekstensheni ilipitishwa chini yake hadi penye birika la umeme na jiko dogo la kupashia chakula. Waya ulikuwa umelainika kama nta, na zulia lilikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa sarafu. Juu ya zulia hilo ndipo mtoto wetu mdogo hulala kila baada ya adhuhuri. Alhamdulillah, Mola alitusitiri. Lakini kusitiriwa mara moja si ruhusa ya kurudia kosa, na ndiyo maana nimeona juma hili tuzungumze juu ya kuongeza soketi kwa njia iliyo salama.

Kwanza tufahamu hesabu yenyewe, kwani ni nyepesi. Umeme wa majumbani hapa Kenya ni wa volti 240, na plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukizidisha, utapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa mzigo wa plagi moja, hata kama ekstensheni yake ina matundu sita. Birika letu ni la wati 2,200 na lile jiko ni la wati 1,500. Jumla wati 3,700. Mtu atauliza: mbona fyuzi haikukatika? Jawabu ni kwamba fyuzi haikatiki papo hapo kwa ziada ndogo kama hiyo. Yaweza kustahimili kwa muda mrefu, na muda wote huo waya unaota moto. Ukiwa mwembamba, au umekunjwa, au umefunikwa na zulia, joto halina pa kutokea.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ya kwanza: vitenge vifaa vya joto na vifaa vyepesi. Birika, pasi, oveni, jiko na hita ya maji ni vya joto, na kila kimoja kistahiki soketi yake ya ukutani. Simu, redio, taa ya mezani na feni ni vyepesi. Hata vikikusanyika kwenye ekstensheni moja iliyo nzima, mzigo wake ni mdogo.

Kanuni ya pili ndiyo kiini cha maneno yetu: kuongeza soketi si kuongeza umeme. Soketi ni mdomo tu. Ukiongeza midomo kumi kwenye waya ule ule, chakula ni kile kile. Kwa hivyo fundi mwaminifu hataanza kwa kutoboa ukuta. Ataanza kwa kufungua kisanduku cha breka na kutazama kila waya unahudumia nini. Soketi za nyumbani kwa kawaida hutiwa waya wa milimita za mraba 2.5. Zikipangwa kwa duara, yaani waya utoke kwenye breka, upitie soketi zote na kurudi pale pale, breka yake huwa ya ampea 32. Waya ukienda upande mmoja bila kurudi, breka ifaayo kwa kawaida ni ya ampea 20. Kwenye duara inaruhusika kutoa tawi nyuma ya soketi iliyopo na kulisha soketi moja mpya, ya tundu moja au mawili. Lakini kutoa tawi juu ya tawi, na jingine juu yake, ni kuirudisha ile ekstensheni ya chini ya zulia, safari hii ndani ya ukuta usikoonekana.

Yako makosa mawili ambayo msomaji ayakatae hata fundi akiapa. La kwanza ni kuchukua umeme wa soketi kutoka kwenye waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita 1.5 na haukukusudiwa birika wala pasi. La pili ni kuondoa breka inayojikata mara kwa mara na kutia kubwa zaidi. Breka ijikatayo ni mlinzi apigaye kelele. Kumfukuza kwa sababu ya kelele zake ni kumfungulia mwizi mlango. Ikiwa jikoni pana vifaa vingi vya joto, dawa ni kuvuta waya mpya wenye breka yake kutoka kwenye kisanduku.

Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zahitaji uangalifu wa ziada. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene lakini hubomoka upesi zikichimbwa. Palipo na plasta ya nakshi au zidaka, ni hasara kutoboa. Mfereji wa plastiki uliobandikwa juu ya ukuta, ambao mafundi huuita trankingi, utahifadhi ukuta na kurahisisha marekebisho. Kisha tusisahau hewa yetu ya chumvi, ambayo hula shaba ya ndani ya soketi. Soketi iliyolegea, inayotoa cheche au kupata joto, ibadilishwe. Isifungwe kwa utepe.

Ama soketi zenye matundu ya USB, zina faida: zinapunguza chaja na kuacha matundu makubwa wazi. Lakini tusizitazamie zaidi ya uwezo wake. USB ya kawaida ni volti 5, na soketi iliyoandikwa ampea 3.1 hutoa wati 15.5 tu, zinazogawanywa kwa simu zote zilizochomekwa. Kompyuta nyingi za mkononi huhitaji wati 45 au zaidi, basi ziachiwe chaja zake. Soketi hizi pia ni nene kwa nyuma. Kisanduku cha ukutani cha kina cha milimita 25 mara nyingi hakizitoshi, hutakiwa cha 35. Nunua yenye alama ya ubora ya KEBS, na uhadhari na zile za bei ya kutupa.

Kabla ya kazi, muulize fundi: Je, una leseni ya EPRA? Waya huu una mzigo gani tayari? Waya wa ardhi umeunganishwa na umepimwa? Kisanduku kina kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha milliampea 30 ambacho mafundi hukiita RCD? Asiyependa maswali haya, mshukuru na umuage. Atakayeyajibu na kufanya kazi vyema, mlipe haki yake siku hiyo hiyo, kwani dini yetu haipendi ujira wa mfanyakazi ucheleweshwe.

Na kabla ya kumwita fundi, waulizwe akina mama na watoto wanaoishi na nyumba hiyo mchana kutwa. Wao ndio wajuao wapi waya hukwaza miguu na wapi soketi iko karibu mno na maji. Mpangaji naye apate idhini ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba akumbuke kwamba anayepokea kodi amepokea pia amana ya roho zilizo ndani.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kutoacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Moto wa zama zetu umejificha ndani ya waya. Usiku wa leo, kabla ya kulala, inua zulia lako na uguse ekstensheni kwa nje. Ikiwa ina joto, ichomoe, na kesho umtafute fundi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.